Sifuri ya mbele: kisa cha anwani moja iliyosomwa kwa namna mbili

Kisa hiki ni cha kweli, na kumbukumbu zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzifuatilia. Majina ya watu walioshiriki nimeyaondoa. Kila uamuzi uliochukuliwa ulikuwa na sababu ya maana kwa aliyeuchukua wakati ule, na ni sababu hizo ninazotaka tuzichunguze. Jina la lugha ya programu yenyewe nimelibakiza kwa sababu bila hilo kisa hakieleweki: ni Python, katika maktaba yake ya `ipaddress`.

## Usuli

Anwani ya IPv4, inayotambulisha mashine kwenye mtandao, ni namba moja ya biti 32. Zile nukta tatu tunazoziona, kama katika 127.0.0.1, ziliwekwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Waraka wa RFC 791 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) wa Septemba 1981 ulieleza biti hizo na kazi yake, lakini haukuweka kanuni ya kuziandika kama maandishi. Pengo hilo lilijazwa na programu zenyewe. Katika mifumo ya uendeshaji ya BSD ya miaka ya 1980 ilikuwemo funksheni ya lugha ya C iitwayo `inet_aton`, nayo ilisoma namba kwa desturi ya C: sehemu inayoanza na `0x` ni ya msingi wa kumi na sita, sehemu inayoanza na `0` ni ya msingi wa nane, nyingine zote ni za msingi wa kumi. Iliruhusu pia sehemu zipungue nne. Kwa hiyo `127.1`, `0177.0.0.1`, `0x7f.0.0.1` na `2130706433` zote kwake ni anwani ileile, 127.0.0.1.

Baadaye ikaja `inet_pton`, iliyo kali zaidi: sehemu nne, msingi wa kumi, basi. Ile ya zamani haikuondolewa. Ukitumia Linux yenye maktaba ya glibc, `getaddrinfo`, ambayo karibu kila programu huipitia inapotaka kuunganishwa na seva, bado inakubali maandishi ya mtindo wa zamani. Andika `ping 010.8.8.8` na pakiti zitaelekea 8.8.8.8, kwa sababu 010 katika msingi wa nane ni nane.

Maktaba ya `ipaddress` iliingia rasmi katika Python 3.3 mwaka 2012. Walioiandika waliijua hatari hii. Msimbo wao ulikuwa na ukaguzi mmoja mfupi: sehemu yoyote inayoanza na sifuri na ambayo thamani yake inazidi saba ilikataliwa, na ujumbe wa kosa ulisema wazi kwamba namba hiyo ina utata kati ya msingi wa nane na wa kumi. `01` ilipita, kwa kuwa moja ni moja kwa hesabu zote mbili. `010` ilikataliwa.

## Kilichotokea

Machi 2019 ilifunguliwa tiketi, yaani ombi kwa watunzaji wa Python, ya kuomba ukaguzi huo uondolewe. Hoja zake zilikuwa hivi: mwenye tiketi amefanya kazi na mitandao kwa miaka mingi na hajaona mtu anayeandika anwani kwa msingi wa nane, waraka wa RFC 3986 unaohusu URL haukubali maandishi hayo, tena maktaba yenyewe haisomi msingi wa nane wala wa kumi na sita. Sasa kwa nini itupe makosa kwa anwani ambazo kila mtu anaona ni sahihi, eti kwa sababu ya sifuri za mbele?

Ombi lilikubaliwa. Python 3.8.0 ilipotoka Oktoba 2019, ukaguzi haukuwemo tena. Mwongozo wa maktaba ulisema bila kuficha kwamba kuanzia toleo hilo sifuri za mbele zinavumiliwa, hata pale zinapofanana na msingi wa nane.

Mwishoni mwa Machi 2021 kikatangazwa kisa cha jirani. Maktaba ya `netmask`, inayotumiwa sana na waandishi wa JavaScript, iligunduliwa kuwa inasoma `0177.0.0.1` kama 177.0.0.1, anwani ya mtandao wa nje, wakati mfumo ulio chini yake unaisoma kama 127.0.0.1, yaani mashine yenyewe. Udhaifu huo ulipewa namba CVE-2021-28918 katika orodha ya umma ya udhaifu wa programu. Watafiti wakaanza kuzipima lugha nyingine kwa kipimo kilekile. Rust ikaguswa, Go ikaguswa, na katika Python ikagundulika ile tiketi ya 2019 imeuacha mlango wazi. Udhaifu wa Python ukaandikishwa kama CVE-2021-29921.

Mei 2021, toleo la 3.9.5 lilirudisha ukali, na zaidi ya ule wa mwanzo: sehemu yoyote inayoanza na sifuri, isipokuwa `0` yenyewe, inakataliwa. Wale wa 3.8 walipata marekebisho hayo katika 3.8.12, Agosti mwaka huohuo.

## Hatari ilikuwa wapi hasa

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu maelezo mengi yaliyosambaa wakati ule yalichukua mifano ya `netmask` na kuibandika kwa Python bila kuijaribu.

Chukua mfumo wa malipo unaomruhusu mfanyabiashara kuweka anwani ya kupelekewa taarifa kila muamala unapokamilika. Seva yako ndiyo inayokwenda kugonga anwani hiyo. Ukiiacha hivihivi, mtu mwenye nia mbaya ataweka anwani ya mashine iliyo ndani ya mtandao wako, na seva yako, inayoaminiwa na mashine zote za ndani, itamfikisha asikoweza kufika mwenyewe. Kwa hiyo unaweka ukaguzi: anwani ya faragha, yaani ya mtandao wa ndani, ikataliwe. Ukitumia Python 3.9.4, unapata hiki:

```python
import ipaddress, socket

ipaddress.ip_address("012.0.0.1")
# IPv4Address('12.0.0.1')  ya nje, inapita

socket.inet_ntoa(socket.inet_aton("012.0.0.1"))
# '10.0.0.1'  ya ndani, ndiko muunganisho unakoelekea
```

Anayekagua anaona 12, anayeunganisha anaona 10. Ni kama askari wa getini na karani wa ndani kusomeshwa kitambulisho kimoja kwa lugha mbili.

Lakini ujanja wa `0177.0.0.1` haukuwezekana kwa Python hata siku moja. Maktaba ya `ipaddress` haikubali sehemu yenye tarakimu zaidi ya tatu, na ukaguzi huo haukuguswa mwaka 2019. Namba kubwa kabisa ya msingi wa nane inayoweza kuandikwa kwa sifuri na tarakimu mbili ni 077, yaani 63. Kwa hiyo 127, 169, 172 na 192 hazikufikika kwa njia hii katika sehemu ya kwanza. Anwani ya 169.254.169.254, ambayo kampuni za wingu hutumia kuipa seva taarifa zake za siri, haikuguswa. Kilichofikika kwa sehemu ya kwanza ni mtandao wote wa 10.0.0.0/8, yaani kila anwani inayoanza na 10, nao ndio mpana kuliko yote ya faragha iliyotengwa na RFC 1918 mwaka 1996. Sehemu ya pili nayo ilifungua kipande cha mtandao wa faragha wa 172: `172.032.0.1` kwa `ipaddress` ilikuwa 172.32.0.1, ya nje, na kwa mfumo ni 172.26.0.1, ya ndani.

Upande wa pili wa hatari ulitajwa kidogo sana. Mfumo unaoruhusu anwani za ndani pekee ungeipokea `010.1.2.3` kama mwenyeji wa 10.0.0.0/8, kisha ukapeleka data zake nje, kwa 8.1.2.3.

Udhaifu huu ulipewa alama ya ukali 9.8 kati ya 10. Kwa maoni yangu alama hiyo haikumsaidia msimamizi wa mfumo hata kidogo. Kama programu yako haipokei anwani kutoka kwa mtu wa nje, hatari ilikuwa karibu na sifuri. Kama inapokea na kisha inaunganisha, hatari ilikuwa kubwa, na kama tutakavyoona, kusasisha Python peke yake hakukuimaliza.

## Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa 2019 ulitokana na kumfikiria mtumiaji mwaminifu. Mtumiaji huyo yupo kweli. Printa za zamani, mashine za viwandani na fomu nyingi za ofisini huandika `192.168.010.001` ili kila anwani iwe na upana uleule. Wapo pia wanaojaza sifuri kwa makusudi kwenye jedwali ili wapange orodha, maana ukipanga maandishi ya kawaida `10` hutangulia `9`. Kwa watu hawa, maktaba inayogoma ni usumbufu mtupu. Kasoro ya hoja ni kwamba aliyepimwa ni mtu mwema peke yake. Kwamba hakuna anayeandika msingi wa nane kazini ni kweli, na ndiyo maana anayeuandika leo karibu kila mara anatafuta kitu.

Hoja ya RFC 3986 nayo ilisomwa nusu. Sarufi ya waraka huo haikubali msingi wa nane, hilo ni sahihi. Ila sarufi hiyohiyo haikubali pia sifuri ya mbele katika msingi wa kumi: sehemu ya tarakimu mbili au tatu lazima ianze na tarakimu isiyo sifuri. Waraka uliotumiwa kutetea kuvumilia sifuri ulikuwa unazikataa. Kulikuwepo pia RFC 6943 ya Mei 2013, iliyoandikwa mahsusi kuhusu hatari za kulinganisha vitambulisho kwa ajili ya usalama, nayo inaeleza jinsi anwani ya IPv4 inavyosomwa kwa ulegevu na programu moja na kwa ukali na nyingine. Onyo lilikuwepo miaka sita kabla ya tiketi.

Mwaka 2021 swali lilikuwa jingine: turudishe ukaguzi wa zamani, au tukatae sifuri zote? Kurudisha wa zamani kungemaanisha `01` inapita na `010` inakataliwa, kanuni ambayo ni ngumu kumweleza mtu. Kukataa zote ni kanuni ya sentensi moja na inalingana na `inet_pton` ya glibc. Walichagua kukataa zote, na wakaiweka katika toleo dogo badala ya kungoja toleo kubwa. Gharama yake ilijulikana: programu iliyofanya kazi vizuri na 3.9.4 inaweza kutupa kosa siku ya kusasisha hadi 3.9.5.

## Matokeo

Go ilianza kukataa sifuri za mbele katika toleo la 1.17, Agosti 2021. Rust ilifanya hivyo katika 1.53, Juni. Mfumo wa Django, unaotumiwa kujenga tovuti kwa Python, ulitoa viraka vyake Juni 2021, kwa CVE-2021-33571, maana vikaguzi vyake vya IPv4 viliitegemea Python na vilipitisha chochote ambacho Python ilipitisha. Django haikungoja watumiaji wake wasasishe Python. Iliongeza ukaguzi wake yenyewe. Uamuzi huo naupenda. Seva nyingi hukaa na toleo la Python lililokuja na mfumo wa uendeshaji kwa miaka, na mwenye seva huenda hajui kama limetiwa kiraka.

Waliokuwa na data zenye sifuri walipata shida ya kweli: orodha za vifaa zilizoingia bila tatizo tangu 2019 zikaanza kugoma katikati ya usiku.

## Uchambuzi

Kilichofaa ni ukali usio na vighairi, na kufaa kwake kunaonekana katika jinsi lugha tofauti zilivyofikia jibu lilelile. Kilichofaa pia ni uwazi. Tiketi ya 2019, hoja zake na mabadiliko yake vilibaki hadharani, na kwa sababu hiyo mtu aliyesoma habari za `netmask` aliweza kwenda moja kwa moja mahali ambapo kosa liliingia.

Kilichoshindwa kwanza ni imani kwamba mwongozo ukisema, basi msomaji amelindwa. Sentensi kuhusu sifuri kuvumiliwa ilikuwepo tangu 3.8. Aliyeandika ukaguzi wake wakati wa 3.7 hakuwa na sababu ya kurudi kusoma mwongozo wa funksheni anayoifahamu.

Kubwa zaidi ni hili, na ndilo lililonifanya niandike. Tazama msimbo ambao bado unaonekana kila mahali:

```python
def inaruhusiwa(seva):
    try:
        ip = ipaddress.ip_address(seva)
    except ValueError:
        return True      # si IP, basi ni jina la kawaida
    return not ip.is_private
```

Weka `012.0.0.1` kwenye Python mpya kabisa. Maktaba inaikataa, kama inavyopaswa. Msimbo unatafsiri kukataliwa huko kuwa "hili ni jina la seva", unairuhusu, kisha `getaddrinfo` inaisoma kwa msingi wa nane na kuunganisha na 10.0.0.1. Kiraka cha 3.9.5 kipo, na mlango bado uko wazi. Ndivyo ilivyo pia kwa `127.1` na `2130706433`, ambazo `ipaddress` haikuwahi kuzikubali kama maandishi. Kumbuka vilevile kwamba ukiipa namba halisi badala ya maandishi, `ip_address(2130706433)` inarudisha 127.0.0.1 bila kulalamika. Kama thamani inatoka kwenye JSON, umbo la data linalotofautisha namba na maandishi, hakikisha kwanza ni maandishi.

Dawa ni kuacha kukagua maandishi aliyoleta mtu. Mwache msomaji yuleyule atakayetumika kuunganisha asome kwanza, kisha kagua alichokisoma, kisha unganisha na hicho ulichokagua:

```python
def anwani_ya_kuunganisha(seva, mlango):
    majibu = socket.getaddrinfo(seva, mlango,
                                type=socket.SOCK_STREAM)
    for familia, _, _, _, mahali in majibu:
        ip = ipaddress.ip_address(mahali[0])
        if ip.version == 6 and ip.ipv4_mapped:
            ip = ip.ipv4_mapped
        if not ip.is_global or ip.is_multicast:
            raise ValueError("anwani hairuhusiwi")
    return majibu[0]
```

Kinachorudishwa ndicho kinachopewa soketi. Usimpe jina tena, kwa sababu anayemiliki jina anaweza kubadilisha jibu la DNS, huduma inayogeuza jina kuwa anwani, kati ya ukaguzi na muunganisho. Ikiwa maktaba yako ya HTTP inafuata maelekezo ya kuhamia kwingine, kila hatua ikaguliwe upya, au zima ufuataji huo kabisa.

Nimetumia `is_global` badala ya kinyume cha `is_private` kwa sababu mahususi. Anwani za 100.64.0.0/10, zilizotengwa na RFC 6598 mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za mawasiliano zinazowagawia wateja wengi anwani moja ya nje, si za faragha kwa hesabu ya Python, wala si za nje. Majibu yote mawili ni `False`. Anayekagua `is_private` tu anaziruhusu. Mstari wa `ipv4_mapped` nao unashughulikia anwani kama `::ffff:10.0.0.1`, ambayo ni IPv4 iliyovaa umbo la IPv6, aina mpya na ndefu zaidi ya anwani.

## Upande wa kuandika

Mjadala wote wa 2021 ulihusu kusoma, lakini chanzo cha sifuri zile ni uandishi. Kama programu yako inachapisha anwani kwa kujaza sifuri ili safu zinyooke, inazalisha maandishi yasiyo salama kwa mwenzako. Jaza nafasi tupu upande wa kushoto badala ya sifuri. Kama lengo ni kupanga orodha, panga kwa thamani: `sorted(orodha, key=ipaddress.ip_address)` inatosha mradi orodha ni ya aina moja ya IP.

Kwa IPv6 tatizo ni jingine, kwa kuwa huko sifuri za mbele ni halali na anwani moja ina maandishi mengi. `2001:DB8:0:0:0:0:0:1` na `2001:db8::1` ni kitu kimoja. RFC 5952 ya mwaka 2010 iliweka umbo moja la kuandika: herufi ndogo, sifuri za mbele ziondolewe, na `::` ichukue nafasi ya mfululizo mrefu zaidi wa sifuri, ila isitumike kwa kundi moja pekee. Orodha ya marufuku inayolinganisha maandishi bila kuyapitisha kwenye umbo hilo inakwepwa kwa kubadilisha herufi moja kuwa kubwa. Na safu ya hifadhidata yenye herufi 15, iliyotosha IPv4, iongezwe hadi 45, au tumia aina ya `inet` kama una hifadhidata ya PostgreSQL.

## Data za zamani

Kwa mfumo uliokuwa ukifanya kazi kwenye Python 3.8 kabla ya 3.8.12, au 3.9 kabla ya 3.9.5, swali linalobaki ni nini kiliingia katika kipindi hicho. Kama anwani zilihifadhiwa kama maandishi yalivyoletwa, PostgreSQL itakuonyesha hivi:

```sql
SELECT id, anwani FROM vifaa
WHERE anwani NOT LIKE '%:%'
  AND anwani ~ '(^|\.)0[0-9]';
```

Usizisafishe zote kwa amri moja. Rekodi zilizotoka kwenye printa au jedwali la ofisi ni za msingi wa kumi, na sifuri zake zinaweza kuondolewa mara chanzo kikithibitishwa. Rekodi zilizojazwa na mtu wa nje kupitia fomu zitenge, zisigongwe na seva yoyote, na mwombe mwenyewe aandike upya. Kama maandishi ya awali hayakuhifadhiwa, na kilichobaki ni thamani iliyokwisha kusomwa, huwezi tena kujua kama 12.0.0.1 iliandikwa hivyo au iliandikwa `012.0.0.1`, hapo kimbilia kumbukumbu za miunganisho ya kutoka, utafute seva yako ilipogonga mtandao wa 10 bila kazi iliyoituma huko.